Pale Mstari wa Sauti Unapolala

Vijana wangu wa studio za Biharamulo, mmenichosha. Nasema kwa upendo, lakini mmenichosha. Tangu niache kazi, haipiti wiki bila mmoja wenu kubisha hodi. Shikamoo mama Koleta, marahaba, karibu ukae, na kabla chai haijamiminwa simu imeshatoka mfukoni. Mnataka zile anuani za mtandaoni nilizojifunzia kuhariri video, kurasa za kuchukulia milio ya bure, kurasa za kujifunzia kurusha maandishi na kuwasha moto mahali ambapo hapakuwa na moto. Mnadhani nimezificha chini ya godoro.

Sijazificha. Nyingi zimekufa. Ukurasa ulionifundisha kurekebisha nyuso za watu waliopigwa picha kwenye jua la saa saba mchana, ambazo hutoka nyeusi tii mpaka bibi harusi haoni macho yake mwenyewe, nilikwenda kuutafuta mwaka jana nikakuta unauza viatu. Mtu aliyeandika somo lile sikuwahi kujua jina lake, na pengine hajui hadi leo kwamba alitengeneza nyuso za nusu ya wilaya hii.

Basi nawaandikia mara moja, mkimaliza kusoma mniache nipumzike. Mgongo wangu ni wa mtu aliyeishi kwenye kiti cha plastiki. Macho yangu yakitazama ukuta mweupe yanaona ukungu. Kazi hii mnayoiona rahisi kwenye simu imenila, na sijui kama nimebakiza cha kujivunia zaidi ya mambo haya machache.

Aliyenifundisha aliitwa Mhoja, Msukuma aliyehamia huku kutoka upande wa Shinyanga na kamera yake ya kaseti ndogo, akafungua chumba karibu na stendi. Mimi nilikuwa binti wa Nyakisasa, huko Ngara, niliyekuja kutafuta kazi, na alinichukua kwa sababu moja tu, kwamba najua Kihangaza. Sherehe nyingi za upande wa Ngara alikuwa anazipiga bila kuelewa neno. Anaona mtu anasema, watu wanacheka, naye anacheka. Halafu anarudi studio hajui akate wapi.

Siku hizo mtandao ulikuwa kwenye duka moja tu la kompyuta, na ukifungua somo la video unaweza kwenda sokoni, ukanunua ndizi, ukarudi ukalikuta bado linazunguka. Mhoja alikuwa na ujanja wake. Anakwenda asubuhi kabla ya walimu na makarani hawajajaa, anafungua kurasa zote anazozitaka, anazihifadhi kwenye fleshi, kisha tunazisoma studio bila mtandao, mimi nimeshika kamusi, yeye ameshika kipanya. Hata leo mwenye bando la kubabaisha afanye hivyo. Kitu kizuri ukikiona mtandaoni kihifadhi kwako siku hiyo hiyo, na ukipe jina utakalolitambua. Kesho kitauza viatu.

Na somo lolote la video, anza kutazama mwisho wake. Kama matokeo siyo unayoyataka, usipoteze asubuhi kumsikiliza mtu akisalimia watazamaji wake. Tazama pia anatumia programu ya toleo gani, maana vitufe vinahama kila mwaka kama wapangaji. Halafu teremka chini kwenye maoni. Pale ndipo penye shule. Anayefundisha atakwambia mambo ni mepesi, ila watu wa chini watakwambia ilipowagomea. Mimi nilikuwa natafuta yule anayejibu kwa mkato, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mara nyingi huyo ndiye mwenye kazi yake.

Kuhusu vitu vya bure, sikilizeni. Mhoja alipogundua templeti, yale mapambo ya video yaliyokwisha kutengenezwa, alikuwa kama mtoto aliyeachiwa duka. Mioyo inapepea, waridi linadondoka, jina la bwana harusi linakuja na radi. Kuna harusi ya Nyabusozi aliipakia templeti ya theluji, kwa sababu ilikuwa ya bure na inapendeza. Vitu vyeupe vikaanguka polepole juu ya maharusi, juu ya migomba, juu ya padri. Baada ya siku kadhaa baba wa bwana harusi akaja studio na uso wa wasiwasi, akauliza mvua ya mawe ile ilinyesha saa ngapi, mbona yeye alikuwepo hakuiona, na je, iliharibu mahindi ya nani. Nilimweleza ni mapambo. Akaniuliza ni nani anayepamba harusi kwa mvua ya mawe.

Nyingine ni ya ng'ombe. Alikuja mzee mmoja wa Kisukuma, jirani wa Mhoja, mahari ya kijana wake imepigwa video wakati ng'ombe wanaingia boma la wakwe. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta inaweza kuzidisha. Akaomba wazidishwe kidogo, kwa heshima tu, ndugu zake wa Mwanza wakitazama wasimdharau. Mhoja akatafuta mtandaoni, akapata somo la namna watu wa sinema wanavyogeuza askari wachache kuwa jeshi, akalifuata hatua kwa hatua. Ilitoka vizuri sana. Shida ni kwamba kulikuwa na ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Akapita, akapita tena, halafu baada ya muda akapita tena, anatazama kamera vilevile. Wakwe walipoiona ile diski wakatuma ujumbe kuuliza wale wengine wamebaki wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na Mhoja alinuna kutwa nzima.

Nawaeleza haya mjue kwamba mwalimu wangu alikuwa mtu mwema na fundi kweli, ila alikuwa akiamini kila kilichoandikwa kwenye ukurasa. Kama aliyeandika yuko mbali na ana kamera kubwa, basi amesema. Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana haya mengine ni ya kupitisha muda tu.

Kwetu Nyakisasa, kwa wazee wa ukoo wetu niliowakuta, wageni wanaokuja kuomba binti wakishasema shida yao, baba hajibu. Analaza mrija wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anainamisha kichwa, anakaa kimya. Na watu wote wanakaa kimya pamoja naye. Kimya kile ndicho kinachowaambia wageni kwamba binti huyu ana uzito ndani ya nyumba hii. Baba akijibu upesi, watu wanatazamana, kana kwamba alikuwa anangoja wa kumpokea mzigo. Na binti mwenyewe wakati huo haonekani. Yuko chumba cha ndani na shangazi zake, nyuma ya pazia, haruhusiwi kutoka mpaka aitwe.

Mimi ndiye niliyeshika kamera siku Devota, binti wa mzee Filberti, alipoombwa. Mzee Filberti alikuwa mkulima wa pale pale Nyakisasa, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Nilipiga yote. Nilijua pa kusimama na nilijua nisisogee. Lakini tuliporudi Biharamulo nilipata habari kwamba mama yangu anaumwa, nikaenda kumuuguza, na diski ile aliihariri Mhoja peke yake.

Wiki hizo alikuwa amepata somo jipya mtandaoni. Somo lilisema mtazamaji wa leo hana subira. Usimsikilize msemaji, lilisema, tazama mstari wa sauti chini ya picha. Panapopanda na kushuka, acha. Pale mstari unapolala, kata. Mhoja alilipenda, kwa sababu lilimwokoa na lugha. Hakuhitaji tena kujua Kihangaza. Kwao sherehe ni ngoma na vigelegele tangu mwanzo hadi mwisho, mstari haupati nafasi ya kulala, kwa hiyo hakuona kosa. Akapita kwenye video ya kuombwa kwa Devota kama mtu anayepalilia, kila palipolala akang'oa. Wateja wakasifu diski kwamba haichoshi. Mimi niliporudi nilikuta kazi nyingine zimejaa mezani, sikuitazama ile.

Miaka ikaenda. Mhoja akafariki. Nikaendelea na studio mpaka macho yakagoma, nikafunga. Siku moja Devota akaja nyumbani. Sasa ni mama mzima, ana watoto wa sekondari, anaishi hapa hapa mjini kwa mumewe. Akanisalimia, akakaa, akatoa ile diski kwenye mkoba. Kaka yake amepiga simu kutoka Nyakisasa, baba amepooza upande mmoja na hasemi, hali si nzuri, na ndugu wameanza kutafuta picha yake ya wakati alipokuwa mzima ili iwe tayari. Akataka nimtolee picha moja kwenye video. Nikamuuliza anaondoka lini kwenda kumwona. Akasema haendi, atatuma picha.

Nikaweka diski kwenye kompyuta yangu ya zamani. Ikafika pale mshenga anapomaliza kuomba, na hapo hapo, maneno hayajapoa, mzee Filberti anasema: Haya, mchukueni. Nilidhani diski imeruka. Nikarudisha. Haikuruka.

Devota alikuwa anatazama dirishani. "Ndivyo nilivyotolewa, mama," akasema. "Hata mate hakumeza."

Halafu akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. Diski ile imetazamwa nyumbani kwa mumewe miaka yote. Wifi zake wakikosana naye humkumbusha kwamba baba yake hakusita hata kidogo. Mwanzo alilia. Baadaye akaacha kulia, akaacha hata kwenda kwao Nyakisasa. Baba yake akituma salamu anaitikia, basi. Hakuwahi kumuuliza mzee. Mtoto wa kike wa kwetu anaanzia wapi kumuuliza baba yake swali kama hilo?

Nikamwambia haikuwa hivyo, baba yake alikaa kimya, tena kimya kirefu, nilikuwepo na kamera begani. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee anayesahau.

"Unanifariji, mama Koleta. Mimi nimeiona kwa macho yangu."

Neno hilo lilinichoma. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kuwapa watu cha kuona kwa macho yao.

Kaseti za zamani nilikuwa nazo, kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, na mkaa umefungwa kitambaani kunyonya unyevu. Hilo nalo mlishike: kazi asilia haitupwi, hata mteja akishapokea yake. Nikaipata ya Devota. Nikaazima kamera ya kaseti kwa fundi mmoja sokoni, nikaweka. Picha ikaja imekatika miraba miraba kama bati lililotobolewa, sauti hakuna. Nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Nikaogopa. Devota aliniambia nisijisumbue, achukue tu ile picha niliyokwisha kumtolea kwenye diski aende, na simu ya kaka yake ilikuwa imepigwa tena asubuhi hiyo. Nilimwomba anipe muda kidogo, nikiwa sijui muda huo utanisaidia nini.

Ndipo nikafungua jukwaa moja la mtandaoni ambalo sikuwa nimeliingia tangu nistaafu, la mafundi wa kuhariri na watu wa kaseti za kizamani. Angalieni nilivyouliza, maana wengi wenu mnaandika "video haifunguki, msaada" halafu mnalalamika hamjibiwi. Niliandika aina ya kamera iliyopiga, aina ya kamera ninayochezeshea, kaseti imekaa wapi na muda gani, picha inaonekanaje, nimeshajaribu nini. Nikaandika pia kwamba ndani yake kuna mzee ambaye hasemi tena. Kamusi ilikuwa mapajani, na Kiingereza changu kilikuwa cha kutembelea magongo.

Akanijibu mtu mmoja, mstaafu kama mimi, aliyekuwa fundi wa televisheni huko kwao kwenye baridi. Hakuniuliza mimi nani. Aliniambia niache kufuta. Niipeleke kaseti mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo bila kuicheza, kwa sababu utepe uliolala muda mrefu hugandana. Na kisha nitafute kamera ile ile iliyopiga, siyo ya aina ile, bali ile yenyewe, kwa kuwa kamera iliyochakaa husoma vizuri mwandiko wake wenyewe kuliko wa mwenzake.

Kamera ile yenyewe ilikuwa Nyabusozi, kwa mjane wa Mhoja, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Nilikwenda na bodaboda, kiuno kikalia njia nzima. Mama wa watu akaifuta vumbi kwa kanga yake, akanikabidhi, akaniuliza kama kuna kitu mume wake aliharibu. Nikamwambia kuna kitu alikihifadhi. Vyote viwili vilikuwa kweli, nikachagua kimoja.

Devota alikuja kesho yake mchana. Nikapeleka utepe mwisho, nikaurudisha, nikacheza. Miraba ilikuwepo mwanzoni, kisha ikatulia, na picha ikafunguka safi, na sauti.

Mshenga akamaliza kuomba. Mzee Filberti akalaza mrija. Akainamisha kichwa, akaitazama mikono yake. Kimya. Unasikia kuku nje, unasikia mtu anasogeza kigoda, basi. Halafu akainua macho, na hakuwatazama wageni. Alitazama pembeni, upande wa ndani, hakutoa macho hapo. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajipangusa uso kwa kiganja, akaendelea kutazama kule kule. Ungeweza kuchemsha chai. Nilikuwa nimekwisha kusahau urefu wake hata mimi niliyekishika kile kimya begani.

Devota akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Pale anapotazama," akasema, "ni kwenye pazia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia."

Kisha mzee akasema: Haya, mchukueni. Ni maneno yale yale, sauti ile ile. Lakini sasa ungesikia yametoka wapi.

Najua mnategemea alilia; hakulia. Aliniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaniomba tena. Mara ya mwisho hakutazama hata maneno, aliinuka yakiwa hayajafika, akafunga mkoba, akaniuliza gari la kwanza la kwenda Ngara linaondoka saa ngapi. Picha aliyoijia aliiacha mezani.

Nilibaki na ile kamera mapajani, nimechoka kuliko siku zote nilizofanya kazi. Nilikuwa na hasira na Mhoja, na nilikuwa namkumbuka, na sikujua nianze na lipi. Nikaandika kwenye jukwaa kumshukuru yule mzee wa kwenye baridi. Akajibu kwa neno moja tu, kwamba vizuri.

Basi hizo ndizo anuani zangu. Mtandao utakupa mbinu za kila namna, na utakupa mtu wa kukuokoa mbinu ikikuangusha, mara nyingi jengo ni hilo hilo na mlango ni huo huo. Najua simu zenu sasa zina kitufe kinachotafuta kimya chenyewe na kukiondoa, hata mstari hamuuoni tena. Mkitumie kwa anayeuza sabuni. Kwenye msiba, kwenye kuomba binti, kwenye baraka ya mzazi, kabla hujakibonyeza muulize mwenye sherehe ni nani alikaa kimya pale, na kwa nini. Akikwambia hajui, muulize mkubwa wake.

Devota alinipigia kutoka Nyakisasa. Mtandao kule ni wa kupanda kilimani, sauti ilikuwa inakuja na kupotea. Nikamuuliza kama mzee amemtambua.

"Hasemi, mama. Ananitazama tu."

Nikamuuliza na yeye amemwambia nini.

"Sijasema kitu. Nimekaa naye tu."

Halafu simu ikawa kimya. Sikujua kama ni mtandao umekatika au ni yeye. Zamani ningekata nikapiga upya. Nilikaa na simu sikioni, nikangoja, mpaka nikasikia kuku wa kwao nje.